Namna ya Kusoma Teknolojia ya Muziki kwa A-Level nchini Uingereza

Mwanafunzi wa Uingereza anayetaka kusoma Teknolojia ya Muziki kwa A-Level, yaani katika mwaka wa 12 na wa 13, hufanya mtihani wa Pearson Edexcel, kwa kuwa ndiyo bodi ya mitihani pekee inayolitoa somo hili katika ngazi hiyo. Mtaala wake ulianza kufundishwa Septemba 2017 na kutahiniwa kwa mara ya kwanza mwaka 2019. Wanafunzi wengi, na wazazi wao pia, hulichukulia kuwa somo la kukaa studio na kutengeneza biti, lakini mgawanyo wa alama unasema jambo lingine. Kazi ya kurekodi ina asilimia 20, utunzi unaotegemea teknolojia una asilimia 20, karatasi ya kusikiliza na kuchambua ina asilimia 25, na karatasi ya kuzalisha na kuchambua ina asilimia 35. Maana yake ni kwamba asilimia 60 ya alama hutafutwa katika chumba cha mtihani, saa ikikimbia, mwanafunzi akiwa na hedifoni masikioni na kalamu mkononi. Mwongozo huu umeandikwa kwa kuizingatia hesabu hiyo, nami nimewafikiria zaidi vijana wa familia za Waswahili wanaoishi Uingereza, ambao mara nyingi huchagua masomo ya A-Level bila ya kuwa na kaka au dada aliyewahi kuyapitia.

Kabla ya kuchagua

Huhitaji kuwa mpigaji hodari wa ala, ila ukiweza kupiga kinanda kidogo na kutaja kodi (nota zinazopigwa kwa pamoja) unazozisikia, utaokoa muda mwingi. Huhitaji hisabati ya juu pia, lakini anayekimbia hesabu za kugawanya na kuzidisha atataabika, kwa sababu sauti hapa hupimwa kwa Hz (mitetemo kwa sekunde, yaani masafa ya sauti), desibeli (ukubwa wa sauti) na milisekunde. Masomo yanayokwenda nalo vizuri ni fizikia, hisabati na muziki wenyewe. Jambo moja la kuuliza mapema ni hili: shahada nyingi za muziki katika vyuo vikuu huomba A-Level ya Muziki, pamoja na kusoma nota, wala hazichukulii kwamba Teknolojia ya Muziki inaziba nafasi hiyo. Mwenye nia ya kusomea uhandisi wa sauti naye hushauriwa kuwa na hisabati. Kwa upande wa alama za kujiunga na chuo kikuu, somo hili huhesabiwa sawa na A-Level nyingine yoyote, A* ikiwa pointi 56, A pointi 48 na B pointi 40, kwa hiyo mzazi anayelitilia shaka asidhani kwamba ni somo la daraja la pili.

Itembelee studio ya shule kabla ya kujiandikisha. Vifaa vya bei kubwa si jambo la kukutia wasiwasi. Uliza wanafunzi wangapi wanagombania chumba kimoja cha kurekodia, na kama chumba hicho hufunguliwa baada ya masomo. Shule yenye maikrofoni nane za kawaida na chumba kinachopatikana kila Jumatano jioni ni bora kuliko shule yenye meza kubwa ya kuchanganyia sauti ambayo hufungwa saa tisa na nusu mchana.

Sikio kwanza

Kazi ya kila siku, kuanzia wiki ya kwanza hadi ya mwisho, ni kulifunza sikio. Chukua wimbo mmoja uliotolewa kibiashara na uusikilize mara tano, kila mara ukitafuta kitu kimoja tu: mara ya kwanza mahali kila ala ilipowekwa kati ya kushoto na kulia, mara ya pili riverbu (mwangwi kama wa chumba) na dilei (mwangwi unaojirudia), na ala zipi zimepewa, mara ya tatu namna sauti ya mwimbaji ilivyobanwa na kompresa (kifaa kinachopunguza tofauti kati ya sauti kubwa na ndogo), mara ya nne mizani ya besi, katikati na juu, mara ya tano mabadiliko yanayotokea kadiri wimbo unavyosonga. Andika unachosikia kwa sentensi kamili, kwa sababu mtihani hautakuuliza kama wimbo unakupendeza. Karatasi ya kusikiliza ni ya saa moja na nusu na ina alama 75. Nyimbo zinazochezwa humo ni za kibiashara lakini hukuzisoma darasani, na sehemu ya mwisho ina maswali mawili ya insha, moja likiwa la kulinganisha rekodi mbili. Hakuna namna ya kukariri wimbo usioujua. Kinachobaki ni mazoea ya kusikiliza.

Kwa masafa, fanya zoezi hili. Fungua programu yoyote ya kurekodia, weka ikwalaiza (kifaa cha kuinua au kushusha masafa unayoyachagua) juu ya wimbo, chagua ukanda mwembamba, uinue kwa desibeli 10, kisha uutembeze polepole kutoka chini hadi juu. Karibu na Hz 100 utausikia mtetemo wa besi. Kwenye Hz 250 hadi 400 sauti huwa kama inatoka ndani ya boksi. Karibu na Hz 1,000 mwimbaji husikika kama yuko kwenye simu au anaimbia puani. Kati ya Hz 3,000 na 4,000 sauti hukwaruza sikio. Na kuanzia Hz 6,000 hadi 8,000 herufi «s» huanza kuchoma. Baada ya miezi miwili ya dakika kumi kila siku, mwambie mwenzako ainue ukanda mmoja bila ya wewe kuona, nawe utaje ni upi. Kukosea mwanzoni ni kawaida, hata kwa wapigaji wazuri.

Kurekodi

Kazi ya kurekodi ina alama 60. Bodi hutoa orodha ya nyimbo kumi, nawe huchagua mmoja na kuurekodi upya kwa muda wa kati ya dakika tatu na dakika tatu na nusu, ukitumia ala za lazima zisizopungua tano pamoja na mbili za nyongeza. Kosa la kwanza hufanyika kabla ya maikrofoni kuwashwa, pale mwanafunzi anapochagua wimbo anaoupenda badala ya wimbo ambao wapigaji wake wanauweza. Hesabu watu kwanza. Mpigaji dramu wa kanisani anayeshika mwendo bila kuyumba ni hazina kuliko rafiki mwenye kipaji anayekuja kwa kuchelewa, na familia nyingi za Waafrika Mashariki huku Uingereza zina kwaya au bendi ya ibada ambayo mwanafunzi hafikirii kuiomba msaada. Waombe mapema, wape wimbo wiki mbili kabla, na hakikisha gitaa limebadilishwa nyuzi na kutiwa tuni kabla ya kila mkondo wa kurekodi, kwa kuwa hakuna programu inayoponya gitaa lililotoka kwenye tuni katikati ya wimbo.

Rekodi kwa biti 24 (hizi ni biti za kompyuta, si za mdundo), wapigaji wakifuata mdundo wa metronomu kwenye hedifoni, na uache nafasi ya kutosha juu: vilele vinavyofika kama desibeli 10 chini ya kikomo vinatosha. Sauti iliyogonga kikomo cha dijitali huharibika, wala hairudi. Anza na dramu na besi, halafu gitaa na kinanda, mwimbaji awe wa mwisho. Maikrofoni ya aina ya dainamiki huvumilia kishindo cha dramu na spika ya gitaa. Maikrofoni ya kondensa hunasa undani wa sauti ya mwimbaji na gitaa la kawaida, lakini inahitaji umeme wa volti 48 na kitambaa cha kuzuia pumzi za «p» na «b». Besi ya umeme inaweza kuingizwa moja kwa moja kupitia kisanduku cha kuunganishia.

Jambo linalowaangusha wengi, na ambalo nami liliniangusha nilipoanza, ni fezi. Niliweka maikrofoni moja juu ya dramu ndogo na nyingine chini yake, kila moja ikasikika vizuri peke yake, na zilipochezwa pamoja dramu ikapoteza uzito wote, ikabaki kama bati. Sababu yake ni nyepesi: ngozi ya dramu inaposukumwa chini, maikrofoni ya chini huona msukumo na ya juu huona mvuto, hivyo mawimbi mawili hupingana na kufutana. Dawa ni kugeuza pola ya moja kati ya hizo mbili, yaani kulipindua wimbi lake juu chini, kitufe kimoja tu. Tatizo hilo hutokea pia maikrofoni mbili zinapokuwa katika umbali tofauti kutoka kwenye ala moja, kwa sababu sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, yaani kama sentimita 34 kwa kila milisekunde. Kwa hiyo mabwana wa studio hufuata kanuni ya moja kwa tatu: umbali kati ya maikrofoni mbili uwe angalau mara tatu ya umbali wa kila maikrofoni kutoka kwenye ala yake. Jizoeze kusikiliza mchanganyiko wako ukiwa umeunganishwa kuwa mono, yaani sauti moja isiyo na kushoto wala kulia. Palipo na ugomvi wa fezi, ala zitayeyuka hapo hapo.

Katika kuchanganya, pata kwanza mizani kwa kutumia vidhibiti vya sauti na mwelekeo wa kushoto na kulia, kabla ya kugusa ikwalaiza. Kompresa iguswe na mtu anayeweza kuifanyia hesabu. Ukiweka kizingiti kwenye desibeli hasi 20 na uwiano wa 4:1, kisha sauti ikaingia kwenye hasi 8, imezidi kizingiti kwa desibeli 12. Kompresa itaruhusu robo ya ziada hiyo, yaani 3, hivyo itatoka kwenye hasi 17, na kupungua kutakuwa desibeli 9. Kwa mwimbaji, punguzo la 4 hadi 6 mara nyingi linatosha. Riverbu iwekwe kwenye njia ya pembeni ambayo ala kadhaa huitumia kwa viwango tofauti, ili zisikike kama ziko chumba kimoja.

Kila hatua iandikwe kwenye daftari la kumbukumbu siku ile ile: maikrofoni ipi, umbali gani, mpangilio gani, na kwa nini. Neno la mwisho ndilo lenye thamani. Mwanafunzi anayeandika «niliweka kompresa kwenye sauti» hajasema kitu. Anayeandika kwamba mwimbaji alikuwa akinong'ona katika beti na kupaza sauti katika kiitikio, ndiyo maana akachagua uwiano huo na muda huo wa kuachia, tayari anajizoeza kwa insha za mtihani bila kujua.

Utunzi

Kazi ya utunzi nayo ina alama 60. Unachagua agizo moja kati ya matatu yanayotolewa na bodi, na kutunga kipande cha dakika tatu ambacho ni lazima kitumie sintisaiza (ala ya kielektroniki inayounda sauti), usampuli (kutumia vipande vya sauti zilizorekodiwa kama ala) au uchezeaji wa sauti zilizorekodiwa, na athari za kibunifu. Hatari kubwa hapa ni vipande vilivyotengenezwa tayari, ambavyo programu zote siku hizi huja navyo kwa maelfu. Vinasikika vizuri mno, na ndiyo shida yake, kwa maana ustadi unaosikika ni wa mtu mwingine.

Jenga sauti zako kutoka mwanzo. Anza na osileta (sehemu inayozalisha wimbi la sauti) moja yenye wimbi la msumeno, pitisha kwenye kichujio kinachokata masafa ya juu, halafu tengeneza envelopu ya hatua nne: kupanda, kushuka, kudumu na kuachia. Upandaji wa milisekunde 2 hukupa besi inayopiga mara moja. Upandaji wa sekunde moja hukupa sauti inayofunguka kama pazia. Kisha ifungamanishe osileta ya masafa ya chini na kichujio ili sauti ipumue. Ukizielewa hatua hizo kwenye sintisaiza moja ya kawaida, umezielewa kwenye zote.

Kwa sampuli, rekodi vitu vya nyumbani. Mchi ukigonga kinu, ukishushwa nota kumi na mbili na kukatwa mwanzo wake, huwa ngoma kubwa ambayo hakuna maktaba ya sauti inayoiuza; mbuzi ya kukunia nazi, ikikatwa vipande vifupi na kupangwa kwenye mdundo, hufanya kazi ya kayamba. (Ukikaa ghorofani, twanga mchana. Majirani hawajui habari za A-Level.) Halafu kumbuka kwamba dakika tatu ni ndefu: kipande kinachorudia mizunguko minne ileile bila kubadilika hupoteza alama za muundo hata kama sauti zake ni za ajabu.

Historia na hesabu

Mtaala hugawa historia ya kurekodi katika vipindi, kuanzia mono ya moja kwa moja ya takriban 1930 hadi mwanzo wa miaka ya 1960, kisha traki nyingi (njia tofauti za kurekodia kila ala) za mwanzo, kisha studio kubwa za analogi, kisha dijitali na sikwensa (kifaa cha kupanga na kucheza nota), na mwisho kompyuta. Usikariri tarehe peke yake. Kila tarehe iandikie vifaa, mipaka ya vifaa hivyo, na alama inayobaki ndani ya wimbo. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, aliposafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi, yeye na wapigaji wake walipaswa kupiga wote kwa pamoja. Aliyekosea aliwarudisha wote mwanzo, na mizani ilitokana na nani alikaa karibu na maikrofoni. Mtahini hatakuuliza habari za Siti, lakini ukiisikiliza santuri yake utaielewa mono ya moja kwa moja kuliko kwa kusoma kurasa kumi.

Karibu miongo minne baadaye The Beatles walikuwa wakirekodi kwa mashine za traki nne. Ili kupata nafasi zaidi, walilazimika kuzichanganya traki kadhaa na kuzihamishia kwenye moja, na kila uhamisho uliongeza mvumo wa utepe na kupunguza uangavu wa masafa ya juu, tena mizani iliyokwisha unganishwa haikuweza kutenganishwa. Hilo ndilo jibu la insha: kifaa, kipimo chake, tokeo linalosikika. Fanya vivyo hivyo kwa sampla ya Fairlight ya 1979, mashine ya ngoma Roland TR-808 ya 1980, CD ya 1982, MIDI (lugha ya kuunganisha ala za kielektroniki na kompyuta) na sintisaiza ya Yamaha DX7, zote za 1983, na Auto-Tune (programu ya kusahihisha tuni ya mwimbaji) ya 1997.

Hesabu ni chache na hurudi zile zile. Urefu wa nota ya robo kwa milisekunde ni 60,000 ukigawanya kwa mapigo ya dakika: mwendo wa 120 hutoa 500, na dilei ya nusu yake ni 250. Masafa ni 1 ukigawanya kwa muda wa mzunguko mmoja, hivyo wimbi la milisekunde 5 ni Hz 200. Kila biti huongeza takriban desibeli 6 za upana kati ya sauti ndogo na kubwa kabisa, ndiyo maana biti 16 za CD hutoa karibu 96. Kiwango cha sampuli, yaani idadi ya vipimo vya sauti kwa sekunde, sharti kizidi mara mbili ya masafa ya juu kabisa unayotaka kuyanasa. Sikio la binadamu hufika kama Hz 20,000, na CD ikachagua 44,100. MIDI hutumia biti 7 kwa thamani nyingi, ndiyo sababu nguvu ya nota huishia 127.

Nyumbani

Kompyuta ya kawaida, hedifoni zilizofungwa nyuma za bei ya wastani na kinanda kidogo cha MIDI vinatosha. Audacity ni ya bure, na GarageBand huja na kompyuta za Apple, lakini kwa karatasi ya nne, ile ya kuzalisha na kuchambua, jizoeze katika programu ile ile ambayo shule itakupa siku ya mtihani, iwe Logic Pro, Cubase au nyingine, hadi vidole vijue njia za mkato. Spika za gharama kubwa katika chumba kisicho na mazulia wala mapazia zitakudanganya kuhusu besi. Pesa hizo ni afadhali zinunue maikrofoni moja nzuri.

Siku ya karatasi ya nne

Karatasi hii ni ya saa mbili na robo na ina alama 105. Unapewa faili za sauti na za MIDI, unasahihisha makosa yaliyomo, unaunda sauti, unajibu maswali ya nadharia, unachanganya, kisha unaandika insha ya alama 20. Wengi hulevywa na kuchanganya sauti na kuiacha insha dakika tano, ilhali insha hiyo ina karibu moja ya tano ya alama. Igawie dakika ishirini na tano, na uzilinde.

Hifadhi kazi kila baada ya swali. Unapotoa faili ya jibu, angalia mambo matano: jina ni lile lililotakiwa, wimbo unaanza bila kimya kirefu, mkia wa riverbu haujakatwa mwishoni, mita haijagonga nyekundu, na traki uliyoisikiliza peke yake wakati wa kusahihisha umeirudisha katika kundi la nyingine. Kisha ifungue faili yenyewe nje ya programu na uisikilize kuanzia mwanzo, maana mtahini atapokea faili hiyo, wala hataiona skrini yako.